Viatu vya Awino

Kwa dadangu Marcella, Mfangano,

Omena zimefika, asante kwa samaki hao. Hapa chuoni Rongo tumeanza saikolojia. Leo mwalimu ametueleza jinsi kuku wanavyokuja mbio debe la mahindi likigongwa, hata likiwa tupu. Wenzangu walicheka. Mimi nilimkumbuka mwanao Awino, nikaogopa.

Nilipokuwa kwenu, kila pikipiki ya mumeo ilipozimwa nje, Awino alivaa viatu na kusimama kwenye mlango wa nyuma. Nilipokuuliza, uliapa kwamba Jacktone hajawahi kuwafukuza.

Nimempa Celestine, mwenzangu wa chuo anayekuja huko Mfangano, barua hii akupe mkononi, maana simu yako anaishika Jacktone. Njooni, kitanda changu kinatutosha. Ukikataa, niambie tu: mtoto wa miaka mitatu amejifunzia wapi kuvaa viatu akisikia pikipiki ya babake?

Mdogo wako anayeogopa,
Beverlyne