Mama Feza na kikwembe cha mupinzani

Jumamosi, Kalemie. Jua kali toka asubuhi, na upepo wa ziwa umegoma.

Acha nikuambie, shajara, bahati inanifuata kama paka aliyesikia harufu ya samaki. Mu Kalemie nzima walitafuta watu watatu wa kuhukumu mujadala wa wakandida, wale wanaoomba kura, na mumoja njo mimi. Kiti cha mbele, soda ya baridi, feni juu ya kichwa. Mimi niliyefika Kigoma, Bujumbura, mpaka Dar. Shule niliacha mwaka wa pili wa sekondari, sababu masomo yalikuwa yananichelewesha.

Basi nihukumu.

Wakandida walikuwa wawili. Papa Donatien, mwenye malori, ana sauti ya kujaza sale, huu ukumbi wa parokia, bila mikro. Na Mama Feza, anayeongoza shule ya msingi, mwembamba, anashika mikro kama muntu aliyeshika samaki angali hai. Wengi tulidhani atalia.

Swali lilikuwa juu ya watu ambao ziwa lilipanda likaingia mu nyumba zao, na mpaka leo wanalala mu mahema na kwa ndugu. Waende wapi? Nusu ya sale ilikuwa ni wao. Kwao hii si siasa, ni pa kulaza watoto.

Mama Feza alianza vizuri. Papa Donatien akamukata, akasimama, akanyosha kidole mpaka benchi la tatu.

"Mama mwalimu, unatafuta kura zetu. Angalia kwanza mama yako muzazi amemuvaa nani."

Kweli. Yule mama muzee alikuwa amevaa kikwembe kipya, kitenge chenye uso wa Papa Donatien, vile alivyogawa mujini wiki hii. Uso mumoja kwenye tumbo, mwingine mugongoni, yote inacheka. Sale nzima ikacheka nayo. Mama muzee akavuta shali ajifunike.

Mama Feza akachukua chupa ya maji mezani, akanywa, kumbe amekosea, chupa yenyewe ilikuwa ya Papa Donatien. Nikasema moyoni: huyu amekwisha. Sifuri.

Kumbe.

"Mama, usijifunike, kimekukaa vizuri." Halafu akamugeukia mupinzani wake. "Aksanti Papa kwa kumuvalisha mama yangu. Mwaka huu mimi sikumununulia kikwembe, hiyo ni kweli. Sasa tuache nguo. Hawa watu wameuliza watalala wapi, na Papa haujajibu."

"Na mama yako atamupigia nani kura?"

"Hiyo ni siri yake. Hata mimi sijamuuliza."

Na toka benchi la tatu, sauti kavu: "Uliza tu, mutoto wangu. Usiogope."

Hapo kicheko kilihama upande.

Mama Feza hakuahidi kurudisha ziwa nyuma. Alisema kule mulimani kuna kiwanja cha kuwajengea, alishaenda mara mbili kukiomba kwenye biro, maofisi ya wakubwa, na mara zote mbili walimufukuza. "Mukininyima kura nitarudi vilevile," akasema, "ila watanifukuza haraka zaidi." Mama mumoja wa mahemani karibu yangu alikuwa anafuta macho, na alikuwa anacheka.

Nimewaona wakubwa wakisema mu mikro mu inchi tatu. Mimi, ukimugusa mama yangu mbele ya watu, ile chupa ingeruka. Yeye alilinda mama, akalinda swali, na hakutukana muntu. Sauti ilitetemeka mpaka mwisho, na alipitisha dakika zake. Kwa hiyo nakata alama moja. Zingine zote ni zake.

Itatosha? Sijui. Vikwembe vya Papa Donatien ni vingi kuliko mahema.

Na ile ya kuhukumu, nimedanganya. Hakuna muntu aliniita. Nilisimama inje ya dirisha na jua kichwani, nimevaa fulana ya Papa Donatien, na wakati walimucheka yule mama muzee, mimi njo nilicheka kwa nguvu kupita wote.