"Overmorrow" ya Immakulata

Faudhia, nina hasira! Dada yangu Immakulata katoka kwenye usaili wa ukarani hapa Kasulu, analia.

Walimsaili bosi na wenzake wawili. Bosi kamuuliza ataanza kazi lini. Kajibu "overmorrow", yaani keshokutwa. Wakacheka wote watatu! Eti, "Hicho Kiingereza cha kambini?"

CHA KAMBINI, Faudhia! Kama vile bado tu wakimbizi, na uraia tunao!

Imma akatoa mkobani ile kamusi kuukuu ya babu yetu katekista, aliyokuwa akiisoma kila jioni tukipukuchua mahindi. Neno limo. Bosi kalisoma, kasema limeshakufa.

Imma akamuuliza kwa adabu, "Sasa bosi, la keshokutwa lililo hai ni lipi? Neno moja tu."

 

Bosi akaifunga kamusi. "Sisi tunatafuta karani, hatutafuti mwalimu."