Mwanao Anapozwa kwa Makusudi

Nyamasaria,
Kisumu.
Jumatano, 14 Mei 2025.

Mpendwa Shemeji Cliff,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Marsabit, na kwamba vumbi la kazi ya barabara halijakirudisha kile kikohozi chako. Sisi huku hatujambo. Dada Caren anaendelea kupata nafuu baada ya upasuaji wa uzazi. Leo asubuhi alitembea hadi dirishani akiwa ameushika mkono wangu, akauliza kama umepiga simu.

Ulipiga, Shemeji, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mtandao ulikuwa unakatika, ukasikia tu kwamba mwanao amelazwa bila nguo, kwenye baridi. Kisha ukamtumia kaka yako Mathews ujumbe aje Ijumaa asubuhi na gari, amtoe mtoto hospitalini. Mathews anasema atatii, kwa kuwa neno la baba wa mtoto halipingwi na watu wa upande wa mke. Mambo haya hayaenei katika ujumbe wa simu, ndiyo maana ninaandika. Dereva Oyugi anaondoka leo na lori la vyuma kuja kambini kwenu, na ameahidi kukufikia kesho jioni.

Mtoto alipokuwa anazaliwa jana asubuhi, kamba ya kitovu ilibanwa, akakosa hewa. Alitoka kimya. Walimpulizia hewa mpaka akaanza kupumua mwenyewe, lakini mwili wake ulikuwa baridi kuliko wa watoto wengine. Mama yako, Mama Nakhungu, aliposikia hivyo alisema wauguzi wamezembea.

Mimi pia niliogopa. Shuleni tumefundishwa kwamba mwili hulinda joto lake wakati wote, kwa hiyo nilimwuliza Sista Dorca, muuguzi wa wodi ya watoto wachanga.

"Mwalimu wako hakukosea, ila hajamaliza somo," aliniambia. "Kutengeneza joto ni kazi, na kazi hiyo hula oksijeni. Oksijeni ikipungua, mwili wenyewe hupunguza kazi hiyo. Joto linashuka ili kile kidogo kilichobaki kiutoshe moyo na ubongo."

Nilifikiria nyumbani kwa nyanya yetu Asembo Bay, betri ya sola inapokaribia kuisha. Tunazima televisheni na redio, tunabaki na taa moja ya sebuleni, na usiku unapita.

Madaktari sasa wanaendeleza kile ambacho mwili wenyewe ulikianza. Wamemlaza juu ya godoro linalopitisha maji yaliyopozwa, na waya mwembamba unalipima joto lake bila kukoma. Wanalishikilia kwenye nyuzi thelathini na tatu na nusu kwa siku tatu, kuanzia jana alasiri. Ubongo uliokosa hewa, Sista anasema, huendelea kuumia hata baada ya hewa kurudi, na joto huyazidisha madhara. Baridi ikizidi nayo ni hatari, kwa hiyo hili si jambo la kujaribiwa nyumbani, wala si la kila mtoto. Wenzake wodini wamevalishwa kofia za sufu hadi kwenye nyusi.

Sasa nikueleze yaliyotokea jana jioni, maana nisingependa uyasikie kwa mtu mwingine. Mama Nakhungu aliruhusiwa kuingia wodini kupeleka maziwa ya Caren. Alikuwa amejaza chupa ya soda maji moto, akaizungushia leso, akaisukuma chini ya shuka la mtoto. Mama yangu alikuwa kando yake. Aliona, akanyamaza. Unajua jinsi kwetu mama wa msichana asivyoweza kumkosoa mama wa mkwewe, tena mgeni aliyetoka Webuye. Joto la mtoto likaanza kupanda, na mama yangu akasimama tu akitazama sakafu.

Mimi nilikuwa nje ya kioo, nimeiona chupa ikiingia lakini sikujua ni ya nini. Mama yangu aliinua macho, akanitazama, nikaelewa. Nikaita, "Sista, kuna chupa chini ya shuka!"

Sista Dorca aliichomoa. "Nani anampika mtoto huku?"

Mama yako aliwaka. "Nyinyi Wajaluo mmezoea samaki! Samaki ndiye huwekwa kwenye barafu. Huyu ni mtu!"

"Mama, samaki huwekwa kwenye barafu akiwa ameshakufa," Sista alimjibu. "Huyu tunampoza ili aishi."

Joto lilirudi pale lilipotakiwa. Baadaye Mama Nakhungu alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe msichana wa shule, atarudi kuwa moto kweli?" Nilimwambia wataanza kumpasha Ijumaa alasiri, polepole sana, nusu nyuzi kwa saa. Akaikunja ile leso, akarudi kwenye kioo kumtazama mtoto.

Daktari hajatuahidi lolote. Anasema hata baada ya kupashwa moto itatubidi tumwangalie anavyonyonya na anavyokua. Lakini mtoto anapumua bila mashine, na leo asubuhi, Mama Nakhungu akiangalia, alikunja vidole vya mguu Sista alipomgusa wayo. Mimi ninaamini atapona. Akiondolewa Ijumaa asubuhi, sitajua niamini nini.

Kwa hiyo, Shemeji, nakusihi. Oyugi anasema mtandao mnaupata mkipanda kwenye tangi la maji. Panda kesho hiyo hiyo jioni, umwambie Mathews angoje.

Caren na Mama wanakusalimu sana. Nawe utusalimie binamu yako Waliaula hapo kambini. Mungu aliyempa mtoto pumzi yake aishike yake na yako, mpaka mtakapoonana.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama kaka,

Elsie Amolo

Oyugi ameshawasha injini, lakini Mama Nakhungu amekataa aondoke kabla sijaongeza maneno haya, na amesimama hapa kuhakikisha nayaandika yalivyo: "Mwambie Cliff, mimi niliyemzaa nimemwona mtoto kwa macho yangu. Mathews akija na gari, atanikuta mlangoni, na hatapita."