Merv Haanguki Tena

Alhamisi, 6 Januari 2011

Winnipeg. Baridi ya kukatika masikio. Nimelala kwenye chumba changu cha utotoni, kitanda changu cha utotoni, miguu inaning'inia nje kama nguo za kuanikwa. Mtu wa miaka hamsini na minane, jamani!

Leo mkesha wa Krismasi yetu Waukraine. Mama kapika vyakula vyote kumi na viwili vya desturi peke yake, na umri wake themanini na sita. Nilishika mwiko nimsaidie — nikapigwa na huohuo mwiko. Supu ya borshch, samaki, kabichi za kuviringisha, na varenyky, vile vidonge vya unga vilivyojazwa viazi. Mkanda wa suruali umeomba msamaha.

Pani Stefa, rafiki yake Mama wa kanisani, alikuwepo. Akauliza nimerudi kufanya nini. Nikamwambia nina tamthilia hapa mjini. Ya kuchekesha? Hapana, Pani Stefa, ya huzuni. Mimi ni mkulima aliyefiwa na mwanawe. Akacheka mpaka akapaliwa na samaki. Ikabidi nimpige mgongo.

Mama hakucheka. Mama hajanicheka tangu nizaliwe. Misimu kumi na mmoja kwenye televisheni nimekuwa Merv, yule dereva wa gari la kulainishia barafu kwenye uwanja wa hoki. Kanada nzima inajua Merv akiteremka kwenye gari lake, ataanguka. Mama hajatazama hata kipindi kimoja. Siku ya Merv ilikuwa siku yake ya kupiga pasi.

Marehemu Baba alitaka nirithi biashara yake ya mazishi. Nikiwa na miaka kumi na minne nilitumwa kubeba shada la maua kanisani, nikateleza kwenye zulia, nikatua chini ya jeneza. Mjane alikuwa wa kwanza kucheka. Wakafuata wengine wote, mpaka padri. Hapo ndipo nilipoharibika.

Jumatatu, 10 Januari

Mazoezi ya kwanza. Muongozaji ni Solange Desautels, mtoto wa Saint-Boniface, mtaa wa wasema Kifaransa hapo ng'ambo ya mto, miaka thelathini na moja, hatabasamu ovyo. Tamthilia inaitwa Ghala Tupu. Nimekaa kwenye benchi karibu muda wote, nashika viatu vya mtoto aliyekufa.

Solange akaniuliza mbele ya wote kwa nini nimeutaka mchezo huu. Nikasema sanaa. Nikasema kina cha binadamu. Sikusema daktari wa Toronto alishika picha ya nyonga yangu akaguna, akasema nikianguka tena vibaya nitatembea na kile kifremu cha wazee. Mtu aliyelishwa na kuanguka maisha yake yote ataambiwa nini kibaya zaidi ya hicho? Ni kama kumwambia mwokaji mikate akae mbali na unga.

Hili likishindikana, sina lingine.

Glenda Friesen anacheza mke wangu. Mwanamke mrefu, mtaratibu, analia akitaka kulia, ananyamaza akitaka kunyamaza, kama bomba. Nimemuuliza anafanyaje. Akasema, "Mimi namfikiria paka wangu. Wewe una paka?" Sina paka.

Alhamisi, 13 Januari

Kituo cha mafuta. Jitu la watu limevaa koti la hoki, linanitazama. Naujua mtazamo huo.

"Wewe si Merv?"

Nikasema ndiyo, habari yako.

"Anguka basi!"

Nikamweleza kwa upole kwamba sianguki tena, nimestaafu. Akamwita mkewe garini. "Njoo umwone Merv, anataka kuanguka!" Nimesimama pale na mpira wa mafuta mkononi, watu wawili wananingoja kama wanangoja basi. Nikajaza tangi nikaondoka. Kwenye kioo nimewaona bado wamesimama. Nyuso zimewashuka. Roho imeniuma — kweli imeniuma! Ningewaangukia kidogo tu. Kwa goti moja.

Nimekata shauri. Masharubu haya ya Merv nayanyoa. Ndiyo yanayoniponza.

Baadaye: yametoka. Nafanana na shangazi Nadia. Mama kaniona jikoni akapiga ishara ya msalaba.

Jumatano, 19 Januari

Leo tuliingiza watazamaji kwa mara ya kwanza, wa kujaribia, kabla ya ufunguzi. Ukumbi umejaa. Pazia limefunguka. Niko kwenye benchi, nimeinama, viatu vya mtoto mapajani. Kimya. Nikanyanyua kichwa.

Wakacheka.

Sijasema neno! Nimenyanyua kichwa tu!

Nikafikiri, wataacha. Nikasema, "Hatarudi tena." Wakacheka. Nikasimama — ndipo nikasikia kile kitu ninachokijua kuliko sauti ya mama yangu, watu mia nne wanavuta pumzi pamoja kungoja nianguke. Nikatembea hadi dirishani, sikuanguka. Wakapiga makofi kwa jinsi nilivyowapiga chenga.

Glenda akaja kunishika bega, machozi yanamtiririka, paka amefikiriwa mpaka basi. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mwangalie, atamwangusha na huyo mama!"

Solange alikuwa amekaa ngazini baada ya onyesho, anatafuna mfuniko wa kalamu. Nikamwambia abadilishe mtu, sitakasirika. Akasema hana hela ya mtu mwingine. Halafu akasema, "Bwana Hnatiuk, unawaomba."

"Nawaomba nini?"

"Kicheko. Ukinyanyua kichwa unawatazama kama mtu anayegonga mlango."

Ijumaa, 21 Januari

Jana tumeonyesha tena, wamecheka tena. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 22 Januari

Haya. Leo nimeanguka.

Si jukwaani. Nje ya ukumbi, mchana kweupe, kwenye barafu ya barabarani kama mzee yeyote wa Winnipeg. Mguu wa kushoto umekwenda kwake, wa kulia umekwenda kwake, na mimi nikabaki hewani na mfuko wa donati. Kishindo! Maumivu mpaka kwenye meno. Nikashindwa kupumua, nikanyoosha mkono nisaidiwe.

Wakapiga makofi.

Kituo kizima cha basi! Mwanamke mmoja ananipiga picha, mwingine anafuta machozi ya kucheka. Nikasema, "Nisaidieni, nimeumia." Wakazidi! Kila nilivyosema kweli ndivyo nilivyochekesha. Mzee mmoja akaokota donati akaniletea, akaniambia sijapoteza kipaji hata kidogo.

Glenda ndiye aliyenitoa pale. Alikuja mbio, akawakaripia wote kama walimu wanavyokaripia, akaniinua kwa kwapa.

Hospitali: nyonga haijavunjika, imepata mshtuko. Mkongojo. Nisijipinde, nisigeuke haraka, nisiiname. Nimemwambia daktari nina onyesho. Akaniuliza, "La Merv?" Nikafumba macho.

Mama nimemwambia nimejigonga mlangoni. Alinitazama muda mrefu, akaniwekea pakiti ya njegere za baridi nyongani, akaenda kupiga pasi vitambaa ambavyo havikuwa na mkunjo hata mmoja.

Jumanne, 25 Januari

Sijui niandikeje.

Nilikaa kwenye benchi kwa sababu sikuweza kitu kingine. Kunyanyua kichwa kuliuma, basi nilikinyanyua polepole, na wala sikuwakumbuka watazamaji, nilikuwa nahangaika na nyonga yangu. Nikasema, "Hatarudi tena." Hakuna aliyecheka. Nikafikiri wameondoka! Nikasikia mtu anapenga kamasi. Mstari wa tatu, jitu zima, linalia.

Nikakaa na viatu vile mkononi. Kimya kile — sijawahi kupewa kimya. Nilikiogopa kidogo, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa wenyewe.

Solange kanikumbatia. Kasema niubakize mkongojo jukwaani, nibakize na maumivu. Nikasema maumivu hayana shida, yapo.

Ijumaa, 28 Januari

Ufunguzi ulipita salama jana. Gazeti la leo linasema nimegundua "utulivu wa mti uliopigwa na radi." Nimelisoma mara tatu, moja kwa sauti. Howie, wakala wangu, kapiga simu kutoka Toronto nusura alie, kisha akaniambia kuna tangazo la matairi ya kuendeshea kwenye barafu, wanataka Merv aanguke mara moja tu, na pesa nzuri. Nikasema Merv haanguki tena. Nimejisikia mrefu!

Nikamwachia Mama gazeti mezani. Kalitumia kufungia maganda ya viazi.

Lakini Pani Stefa kanivuta pembeni: kina mama wa kanisani wote wamekata tiketi za Jumapili mchana. Na Mama amekata. Mwenyewe, kwa mkono wake. Kamwambia Stefa, "Kama ni ya kukaa, nitakuja."

Ya kukaa? Sikuelewa.

Jumapili, 30 Januari

Mapumziko. Naandika kwenye chumba cha kuvalia, kwa sababu siwezi kutoka. Suruali yangu anayo Mama. Ameikalia.

Nianze mwanzo. Sehemu ya kwanza ilikuwa tamu kuliko siku zote. Kina mama mstari wa pili, kofia za manyoya mapajani. Mama katikati, mkoba umesimama wima kama askari. Nimefika pale ninaposema jina la mtoto — na benchi likavunjika mguu.

Nikaenda chini. Wote, mimi, viatu, mkongojo. Kuanguka kuzuri ajabu! Kama ningelipanga kwa mwezi mzima nisingelipata vile, maana kiatu kimoja kiliruka kikanitua kifuani.

Nikangoja kicheko. Mwili wenyewe ulingoja, mimi sikuwemo.

Hakuna. Watu mia nne wameshika midomo. Mtu akasema, "Mungu wangu." Na mimi pale sakafuni, niliyelilia heshima hii wiki tatu, nikahisi upweke ambao sijawahi kuuhisi hata nilipokuwa nalia kwa njaa Toronto. Chekeni basi, nikasema moyoni. Hata mmoja!

Kisha nikasikia buti. Mama anakuja, anawapita watu magotini, mkoba mbele, ananiita kwa jina langu la utotoni. "Lubko! Usisimame! Lubko!" Solange akashusha pazia.

Sasa yuko hapa. Kanivua suruali kuangalia nyonga, kama nina miaka minne. Naweza kusimama, inauma lakini nasimama. Haamini. Kaweka kiti mlangoni, kaketi juu ya suruali. Halafu:

"Huko kwenye televisheni. Ulikuwa unaanguka hivi?"

"Zaidi ya hivi, Mama."

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

"Na watu?"

"Wanacheka."

Kafikiri. "Wapumbavu," kasema.

Kisha kasema, anaangalia ukuta, kwamba alitazama mara moja. Kipindi cha kwanza kabisa. Aliniona nimepanda lile gari, akaona nateremka, akazima. Hakujua hata kama niliinuka. Alimpigia simu Stefa amuulize kama nimeinuka.

Miaka yote nilidhani anaona haya.

Solange anagonga. Anabembeleza kwa Kifaransa, Mama anamjibu kwa Kiukraine, hakuna anayemwelewa mwenzake na sauti zinapanda. Nimetafsiri: watu wamerudi vitini, tuendelee au turudishe tiketi?

Mama kaniuliza sehemu ya pili nafanya nini.

"Nakaa tu, Mama. Namlilia mtoto."

"Unakaa juu ya nini?"

"Benchi."

"Lile lile?"

Nikasema wamelipigilia misumari. Kauliza nani kapigilia. Nikasema fundi. Kauliza fundi ana uzito gani.

Kengele inalia. Mama amesimama. Amevaa kofia yake, ameikaza. Anasema hakai mtu wake juu ya benchi lile mpaka yeye mwenyewe amelikalia kwanza. Amefungua mlango, amempita Solange kama hayupo, suruali yangu iko kwapani mwake, na kutoka hapa mpaka jukwaani ni hatua chache tu na nasikia pazia linafunguliwa — Mama! Mama, subiri —