Mutoto iko mu kalasi, kitabu inasema hayuko

Mulikuwa wapi nyote, ndugu na majirani? Wiki tatu, hata mutu moja hapana kupita hapa kunisalimia. Mimi sikusoma. Nasema, binti yangu Masika anaandika, na leo aandike mbio juu niko na kasirani.

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, matope mpaka ku magoti.

Mujukuu wangu Kahindo iko na miaka nane. Maneno inamukwamaka mu kinywa. Akili haimukwamake hata kidogo. Jana walimu ya masomo yake walituma barua: mutoto anakosa siku mingi, akiendelea hatafanya examen, mutihani ya mwisho. Eti namupelekaka kulima ku mashamba ya Kalunguta!

Mimi! Mimi mwenye namusindikizaka kila asubuhi mpaka ku mulango ya kalasi!

Basi leo nikabakia pale mulangoni. Mwalimu, kijana mwenye serikali ilituma huku toka mbali, anaita majina mbio mbio. Kila mutoto anajibu kwa Kifaransa kama iko: "présent!" Kahindo akasimama. "P... p... p..." Mwalimu akaisha kufika ku jina ingine. Kalamu ikaisha kuandika mu kitabu ya majina: hayuko.

Nikaingia na matope yangu yote. "Mwalimu, huyu mwenye anasimama mbele yako ni nani? Kivuli?"

"Koko, nyanya yangu, batoto ni bengi, wakati hapana."

"Maharagi unaingojaka mpaka iive, na mutoto hapana?"

Kalasi ikacheka. Yeye pia, kidogo. Akasema basi, Kahindo awe ananyanyua tu mukono. Kahindo akatikisa kichwa. "Mi... mi..."

Nikamumalizia mbio: "Mimi nitanyanyua mukono."

Akaniangalia mubaya.

"Mi... mimi nataka ku... kusema."

Haya ikanishika. Juu ku nyumba ni mimi namukatishaka maneno kila siku. Anaanza kuomba chumvi, mimi nimeisha kumupa maji. Aliisha kuacha kunikatalia. Anakunywa tu.

Tukangoja, sisi bote, mvua inapiga ku mabati.

"P... présente."

Mwalimu akafuta, akaandika iko. Lakini zile siku zingine hakugusa! Kesho asubuhi nitarudi, na siku yenye kufuata, mpaka azifute zote.

Na weye, ukija tena kwangu, usiniulize mimi mutoto anaitwa nani. Muulize yeye. Halafu funga kinywa, ungoje.