Mtu Anayejiita Ekiru

Fundi Ekiru, ndugu yangu,

Mkeo Nakiru na watoto wenu wako salama. Naanza na hilo kwa sababu ninayokuja kukuambia si mazuri. Ile ofisi yako karibu na soko la mifugo siku hizi inauza mitungi ya gesi. Guyo, uliyefanya kazi naye miaka yote ile, amepata leseni yake mwenyewe. Ungefurahi.

Lakini kuna mtu anajiita wewe.

Unakumbuka tulivyotengeneza tovuti yako? Ulikuwa mkandarasi wa kwanza wa stima kuniamini, wakati hapa Isiolo watu waliniona mtu wa kuchapisha kadi za harusi tu. Nilikuwekea picha ya mzungu mwenye kofia ya manjano, anacheka na waya mkononi. Ukaitazama weee, halafu ukasema, "Makena, huyu simjui. Mteja akinifungulia mlango si atauliza yule mwingine yuko wapi?" Tukazunguka mji na simu yangu, tukipiga picha za kazi zako mwenyewe. Kila mahali ulinionyesha waya wa earth na kunieleza unavyomwokoa mtu asipigwe na stima, maana ulisema siwezi kuandika kitu nisichokijua. Sasa natunza tovuti za mafundi wa stima kutoka hapa mpaka Marsabit, na bado nawauliza maswali uliyonifundisha.

Ile homa ilipokuchukua, nilitaka kuifunga yako. Nakiru akaniomba niiache. Watoto hupenda kukutazama pale, umesimama kwenye ngazi. Nikatoa nambari ya simu, nikaiacha.

Halafu mwezi uliopita mama mmoja akaingia ofisini kwangu, Mama Hawa, mwenye hosteli ya wasichana wa shule. Alitoa salaam aleikum, na kabla hajaketi akaanza kugomba.

"Huyo fundi wenu Ekiru ametufanyia kazi gani? Soketi zinanguruma. Ukuta una joto. Nikimpigia anasema stima mpya iko hivyo."

"Mama, Ekiru alikufa."

"Alikufa lini? Mimi jana nimeongea na yeye!"

Akanipa simu yake. Fundi, ilikuwa tovuti yako. Uso wako, ngazi yako, maneno tuliyoandika pamoja, nambari yako ya leseni. Ila kwenye anwani kulikuwa na herufi moja zaidi, na nambari ya simu sikuijua. Aliyeinakili alibeba kila kitu, hata jina langu na la ofisi yangu pale chini, ndiyo maana Mama Hawa akanifikia. Mama huyo hajawahi kumwona huyo mtu mwenyewe. Walikuja vijana, wakamwambia bosi ana kazi kijiji cha Kipsing.

Nikapiga ile nambari.

"Ekiru hapa," mtu akasema. Sauti ya upole, haina haraka.

"Ekiru yupi?"

"Ekiru wa stima. Kwani kuna mwingine?"

Nilikata.

Nikamchukua Guyo tukaenda hosteli. Aliweka mgongo wa mkono kwenye ukuta, akautoa haraka. Alienda moja kwa moja kuzima swichi kubwa. Ndipo akafungua soketi ya kwanza. Hakukuwa na waya wa earth. Mahali nyaya zilipounganishwa zilikuwa zimefungwa kwa karatasi ya nailoni, na nailoni ilikuwa imeyeyuka, nyeusi, juu tu ya mto wa kitanda. Mama Hawa akaketi kwenye kile kitanda akashika kichwa. Wasichana walikuwa shuleni. Wangerudi jioni hiyo kulala.

Wasichana walilazwa kwa majirani mpaka Guyo alipomaliza kung'oa kila kitu na kuanza upya.

Polisi waliandika taarifa. Kampuni inayohifadhi ile nakala nimeiandikia tena na tena, inajibu kwamba inachunguza. Naye yule anayejiita wewe anaendelea kuweka picha za kazi zake kwenye nakala hiyo. Ukumbi. Nyumba ya mtu. Zahanati. Kuta zimepakwa rangi safi, taa zinawaka, na mimi nazitazama nikijiuliza kuna nini nyuma ya rangi. Duka moja liliungua upande wa soko. Hapakuwa na mtu ndani, na hatujui ni nani aliyelifunga nyaya. Guyo alichakura yale majivu akitafuta waya wa earth.

Nilienda kwa Nakiru kumwomba ruhusa. Alikuwa anachagua maharagwe. Akaendelea kuchagua, halafu akasema, "Andika. Watoto nitawaambia mwenyewe." Kwa hivyo sasa mtu akifungua tovuti yako, anakutana na herufi kubwa: Fundi Ekiru alifariki. Anayekuja kwa jina lake si yeye. Mwambie asiguse kitu. Redio inatangaza hivyo, makanisani na misikitini vilevile.

Jana yule mtu akanipigia mwenyewe.

"Makena, mbona umeandika nimekufa? Unaniharibia kazi."

"Ekiru tulimzika. Nilikuwa pale."

Akacheka kidogo. "Kuzika ni rahisi," akasema, akakata.

Leo asubuhi kuna picha mpya. Ni mlango wa ofisi yangu, na boksi ya mita pale kando yake. Chini ameandika: Kazi inayofuata.

Polisi wameiona. Guyo amekagua kila waya wangu na kutia kufuli kwenye boksi. Naogopa, Fundi, sitakudanganya. Lakini nilifungua ofisi, na watu wakaja, wamesikia redio, wanaomba tukawaangalizie kuta zao. Mmoja ni nesi wa ile zahanati kwenye picha, iko Kipsing. Anasema chumba cha akina mama wanaojifungua kinanuka plastiki. Tumemwambia awapigie wenzake simu wazime swichi kubwa. Anapiga tangu saa hiyo, na huko hakuna anayepokea.

Guyo ameshawasha pikipiki, tunaenda Kipsing. Kwaheri, ndugu yangu. Kila ukuta ambao mtu huyu ameufunga nyaya kwa jina lako tutaufungua, hata akitungoja nyuma yake. Hilo nakuahidi. Wewe pumzika.

Makena