Mbegu Sita za Boga

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Nimefagia. Nimepika uji, nikamimina vikombe viwili. Bado nasahau.
Shemeji amekuja tena, mdogo wake marehemu mume wangu. Kapekua koti la marehemu la kazi ya stesheni, katoa daftari. Ukurasa wa mwisho una namba sita ndefu. Ya juu 142857. Akanitazama kama kwamba mimi ni mwizi.
Nilizinakili kabla hajaondoka na daftari. Namshuku ataongeza mstari.

Jumanne, 4 Agosti
Anasema ni mizinga ya nyuki. Eti kaka yake aliificha katika vichaka vya Itigi, akaandika njia, mti na mzinga: 14, 28, 57. Eti najua, na asali naipeleka kwetu Mungaa. Ukoo utakaa Jumapili. Nisipoionyesha, natolewa nyumba hii.
Sijui chochote. Je, aliificha kweli, asiniambie? Miaka kumi na moja ya ndoa. Namshuku mtu aliyezikwa. Naona aibu.

Alhamisi, 6 Agosti
Sikwenda kisimani. Nimezikazia macho namba zile. Zote sita zina tarakimu zilezile, kwa mfuatano uleule, ila kila moja inaanzia pengine. 142857. 285714. 428571.
Nani anahesabu mizinga hivyo?
Nikachukua kijiti, nikazidisha chini uani kama tulivyofundishwa misheni. Ya kwanza mara mbili ni ya pili. Mara tatu ni ya tatu. Hivyo hadi sita.
Kisha nikalikung'uta koti. Mfukoni mbegu sita za boga, kila moja ina tarakimu ya wino.
Nikakumbuka. Baada ya kula mume wangu alizipanga ukingoni mwa sahani, akaizungusha, akatabasamu peke yake. Nilimgombeza kwamba anachezea mbegu.
Nimelia sana.

Jumapili, 9 Agosti
Ukoo ulikaa. Nilimwamkia baba mkwe shikamoo, nikapanga mbegu kwenye sahani ileile. Shemeji akasema ni ujanja wa misheni. Baba mkwe akamwambia azidishe yeye, naye kasoma. Aliizidisha ile ya kwanza mara tano. Ikaja 714285. Nikaonyesha mbegu ya 7, nikazunguka kutoka hapo. Ileile.
"Sasa mizinga ni mingapi?" baba mkwe akaniuliza.
"Hakuna mzinga, baba. Ni namba moja inazunguka."
Akaigeuza sahani mwenyewe, mara tatu, polepole.
"Marehemu alikuwa hivi tangu mdogo," akasema. "Mwanangu, kaa kwako."

Jumatano, 12 Agosti
Shemeji ameonekana akiingia vichakani na shoka. Bado anatafuta. Akae huko.
Daftari limerudi. Halikuongezwa kitu. Mume wangu aliishia mara sita, chini yake pakabaki wazi. Leo nimeizidisha ile ya kwanza mara saba. Tarakimu hazizunguki tena. Zote zimekuwa tisa.
Nimeiandika hapo chini, kwa mwandiko wangu. 999999.
Uji nimepika wa kikombe kimoja.